Dirisha la Ubalozi Lisigeuzwe Kaunta ya Ushuru

(Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya familia za wafanyakazi walioko ng'ambo. Imepunguzwa na kunyooshwa kidogo kwa ajili ya msomaji.)

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na wote kwa jumla, hamjambo.

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliorudi likizo ambao nawaona mmejibana karibu na feni: ahsanteni kwa kunialika. Nimeambiwa nina nusu saa. Mtu wa hesabu za ushuru akishikishwa kipaza sauti hujisahau, kwa hivyo mwenyekiti ana ruhusa yangu ya kunivuta shati.

Mada mliyonipa ni hii: je, Mkenya anayefanya kazi ng'ambo alipe ushuru wa mapato nyumbani? Jibu langu nalitoa mapema, asije mtu akatoka kuswali akalikosa. Hapana, asitozwe kwa sababu tu ana pasipoti ya Kenya. Ila wapo wanaojiita watu wa ng'ambo ambao haki ni walipe, na wapo wengine ambao sheria inawadai hivi sasa na hawana habari. Hao wa mwisho ndio watakaokula muda wangu mwingi.

Kwanza niondoe hofu moja. Mama mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza kama pesa anazotumiwa na bintiye kila mwezi zitakatwa ushuru. Mama, pesa ya matumizi uliyotumiwa na mwanao si mapato yako. Sheria ya Ushuru wa Mapato imetaja inavyovitoza: mshahara, faida ya biashara, kodi ya nyumba anayotoa mpangaji, gawio, riba, pensheni na vya aina hiyo. Hela ya unga na karo ya mjukuu haimo. Kinachowauma nyinyi ni ada ya kutuma. Benki ya Dunia imeonyesha miaka nenda miaka rudi kwamba kutuma dola 200 kuja huku kwetu kusini mwa Sahara hugharimu kama asilimia 8, yaani dola 16 zinabaki njiani, wakati mataifa yalikubaliana ada hiyo ishuke hadi asilimia 3 ifikapo 2030. Wamarekani nao wameongeza la kwao: tangu tarehe 1 Januari 2026, anayepeleka noti mkononi kwa wakala ili zitumwe nje hukatwa asilimia 1. Anayetuma kupitia akaunti ya benki au kadi haguswi. Kama una mtu Minnesota au Texas bado anapanga foleni na noti zake, mpigie simu leo.

Sasa kwa nini swali hili limezuka? Limezuka kwa sababu ya pesa, hakuna jingine. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 kwa hesabu za Benki Kuu. Hizo ni zaidi ya tunazopata kwenye chai, na zaidi ya tunazopata kwenye maua. Waziri yeyote wa fedha akiona fungu kubwa namna hiyo linapita mbele ya pua yake, na mwezi Juni unakaribia na bajeti ina pengo, mate lazima yamjae. Simlaumu. Baada ya Juni 2024, vijana walipojaa barabarani hadi Mswada wa Fedha ukaondolewa, kutafuta ushuru mpya ndani ya nchi kumekuwa kama kuokota makaa kwa mkono mtupu. Walioko nje hawawezi kuandamana hapa Moi Avenue. Ndiyo maana wanaonekana rahisi.

Tuingie kwenye sheria yenyewe. Kenya haitozi uraia, inatoza ukazi. Mwitaliano anayeishi na kufanya kazi Malindi hulipa kama wewe. Na kuna njia tatu za kuhesabiwa mkazi. Mbili ni za kuhesabu siku kwa asiye na nyumba ya kudumu hapa: akae siku 183 au zaidi ndani ya mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyoutangulia. Hizo hazimsumbui aliye Riyadh, Saudia. Yenye mwiba ni hii nyingine: ukiwa na nyumba ya kudumu Kenya, na ukawa Kenya kwa kipindi chochote ndani ya mwaka, wewe ni mkazi wa mwaka huo. Kipindi chochote. Wiki mbili za Idi. Siku nne za mazishi. Na mkazi hutozwa mshahara wake wote, uwe umelipwa Mombasa au umelipwa Muscat.

Nyumba ya kudumu ni ipi sasa? Ni kile chumba chako kwa mama pale Likoni, ambako sanduku lako lingali chini ya kitanda? Ni kwa mume? Ni kile kiwanja cha Utange chenye msingi na nondo zilizoshika kutu zikisubiri mkataba mwingine wa miaka miwili? Mawakili wanaweza kulipwa vizuri kubishana juu ya maneno hayo mawili. Msichana anayefanya kazi za nyumbani Riyadh hana wakili.

Tumpigie hesabu, maana ushuru bila tarakimu ni porojo. Tuseme analipwa riyali 900 kwa mwezi, mshahara ambao wengi humu mnaujua. Hizo ni kama shilingi 31,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. Zile 7,000 zinazobaki hutozwa asilimia 25, ambayo ni 1,750. Jumla 4,150. Toa nafuu anayopunguziwa kila mlipa ushuru, 2,400. Zinabaki 1,750 kwa mwezi, 21,000 kwa mwaka. Saudia haitozi mshahara, kwa hivyo hana risiti ya ushuru wa kule ya kupunguzia deni la huku. Theluthi mbili ya mshahara wa mwezi mzima wa kuosha vyombo vya watu, kwa sababu alikuja kumzika baba yake.

Mmewahi kumwona afisa wa KRA, mamlaka yetu ya ushuru, amepanda ndege kwenda Riyadh kudai shilingi 1,750? Hamjamwona. Ndipo watu huniambia, basi tatizo liko wapi, si hailipwi? Tatizo liko hapo hapo. Sheria inayomdai kila mtu na isiyomfuata yeyote ni silaha inayosubiri afisa atakayetaka kumfuata mmoja. Siku amerudi na akiba yake, anataka kununua kiwanja, pini, ile namba ya mlipa ushuru, inahitajika, mfumo unafunguliwa, na mtu yuko mbele ya kompyuta ana uwezo wa kuuliza: hizi pesa umezipata wapi, na ulifaili nini miaka hiyo? Sisemi kila afisa atauliza kwa nia mbaya. Nasema asiwe na uwezo huo kabisa juu ya mtu wa aina hii.

Kwa aliye Uingereza mambo ni tofauti, na hapa ndipo wanaotaka ushuru huu hukosea hesabu. Wao husema, "Atapunguziwa kile alicholipa kule, kwa hivyo hataumia." Chukueni muuguzi anayepata pauni 30,000 kwa mwaka. Serikali ya kule humsamehe pauni 12,570 za mwanzo, kisha humkata asilimia 20 ya zilizobaki: karibu pauni 3,490. Sasa mlete kwenye jedwali letu. Tukiweka pauni moja kwa shilingi 165, mshahara wake ni kama shilingi 412,500 kwa mwezi. Kwetu asilimia 30 huanza baada ya shilingi 32,333. Ushuru wake kwa mwaka unafika shilingi milioni 1.39, ambazo ni zaidi kidogo ya pauni 8,400. Toa alizolipa London. Kenya itakuwa inamdai karibu pauni 5,000 za juu.

Shida ni nini hapo? Jedwali letu limechorwa kwa bei za Kenya. Shilingi 32,333 ni kama pauni 196, na pauni 196 pengine hazimalizi hata wiki moja ya kodi ya chumba London. Ukichukua ngazi za ushuru zilizopimwa kwa bei ya sukari ya soko la Kongowea ukamvika mtu anayenunua mkate Croydon, umemfanya tajiri kwenye karatasi tu. Bahati nzuri tuna mkataba na Uingereza wa kuzuia mtu kutozwa mara mbili, wa tangu miaka ya 1970, nao una kanuni za kuamua mtu ni mkazi wa wapi. Marekani, ambako ndiko sehemu kubwa kabisa ya pesa zetu hutoka, mkataba huo hatuna.

Nije kwenye kutoza pasipoti, maana wapo wanaosema tuache habari za ukazi na tufanye kama Wamarekani.

Marekani kweli hutoza raia wake popote walipo. Jambo hilo lilianza wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, miaka ya 1860, na mwaka 1924 Mahakama yao ya Juu ikalipiga muhuri katika kesi ya Cook dhidi ya Tait. Cook alikuwa raia anayeishi Mexico, na mapato yaliyobishaniwa yalitoka kwenye mali iliyokuwa huko huko Mexico. Mahakama ikasema serikali humfaa raia popote alipo, kwa hivyo inaweza kumtoza popote alipo. Boris Johnson, kabla hajawa waziri mkuu wa Uingereza, alidaiwa ushuru na Marekani kwa nyumba aliyouza London, kisa alizaliwa New York. Alilalamika, akalipa, baadaye akaurudisha uraia wao. Sasa jiulizeni Marekani huwezaje. Inaweza kwa sababu tangu sheria yao ya mwaka 2010, benki ya nchi nyingine isiyowaripoti wateja wake Wamarekani inakatwa asilimia 30 kwenye malipo yanayotoka Marekani. Benki za dunia nzima zikatii. Na hata kwa ubavu huo, Mmarekani anayeishi nje aliruhusiwa kuondoa dola 126,500 za kwanza za mshahara wake wa mwaka 2024. Yule dada wa riyali 900 angekuwa Mmarekani, asingedaiwa hata senti.

Kenya ikiiandikia benki ya Jeddah ilete majina ya Wakenya na salio zao, barua hiyo itajibiwa lini? Basi nchi isiyo na ubavu huo ikitaka kutoza pasipoti hukusanya wapi? Kuna jirani yetu ameshajaribu, na jibu tunalo. Eritrea tangu miaka ya 1990 huwadai raia wake walioko nje asilimia 2 ya mapato yao. Hukusanya kwenye balozi zake. Unataka pasipoti mpya, cheti cha kuzaliwa, karatasi ya kumuuzia nduguyo nyumba ya urithi Asmara? Onyesha kwanza kwamba umelipa asilimia mbili. Desemba 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2023 likilaani jinsi ushuru huo ulivyotumika na likiitaka Eritrea iache vitisho na udanganyifu katika kuukusanya. Mwaka 2013 Kanada ilimfukuza balozi mdogo wa Eritrea aliyekuwa Toronto kwa sababu hiyo hiyo, na mwaka 2018 Uholanzi nayo ikamfukuza mwanadiplomasia wao.

Naomba mlifikirie hilo dirisha la ubalozi. Nyinyi mna watoto Saudia, Kuwait, Doha, Beirut, hamhitaji maelezo yangu. Anayefika pale Riyadh ni nani? Ni msichana aliyeruka ukuta. Pasipoti imeshikwa na kafili, yule mwajiri aliyemdhamini. Iqama, kibali chake cha kuishi kule, imekwisha au imefutwa. Simu haina chaji, mshahara wa miezi mitatu umebaki kwenye ile nyumba. Anachotaka ni hati ya dharura ya kusafiria na mtu wa kuongea naye Kiswahili. Weka pale, juu ya maswali anayoulizwa sasa, swali moja zaidi: cheti cha kulipa ushuru kiko wapi? Karani si mtu mbaya, anafuata waraka. Lakini kuanzia siku hiyo yule msichana atahesabu mara mbili kabla ya kwenda ubalozini, na wenzake watamwambia usiende, watakudai. Mahali pekee penye bendera yetu katika mji ule patakuwa mahali pa kukwepa.

Kwangu hoja hiyo peke yake inatosha. Zile nyingine nazisema kwa sababu mmenipa nusu saa.

Wafilipino waliwahi kuwatoza watu wao walioko nje, na kwa upole: asilimia 1, 2 na 3. Waliifuta kwa sheria ya mwaka 1997. Leo mfanyakazi wao wa ng'ambo halipi ushuru nyumbani kwa mshahara wa huko, na mwaka 2024 wafanyakazi hao walituma kupitia benki zaidi ya dola bilioni 34. Sitaki kusema kufutwa kwa ushuru ndiko kulikoleta pesa hizo zote, mambo ni mengi. Nasema tu taifa lililoishi na jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi lililitazama likaliacha.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito na sitaki kuiruka. Wanasema: huyu muuguzi amesomeshwa na mlipa ushuru wa Kenya. Mama muuza viazi karai Majengo amechangia chuo cha uuguzi kwa VAT, ule ushuru ulio ndani ya bei ya sabuni na mafuta, halafu matunda yanaliwa Manchester. Hoja hii ni ya zamani. Mchumi wa Kihindi Jagdish Bhagwati aliitetea miaka ya 1970 kwa kupendekeza wasomi wanaohamia nchi tajiri watozwe ushuru kidogo wa ziada ufaidi nchi walikotoka. Hasara anayoisema ipo. Wodi zetu zina upungufu na kila mtu aliyelaza mgonjwa anajua.

Lakini mdaiwa ni nani? Hospitali ya Uingereza imepata muuguzi aliyekamilika bila kumlipia hata kitabu. Serikali yetu na ya Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya Julai 2021, na wakati huo walikuwepo wauguzi hapa waliohitimu na kukaa nyumbani miaka bila ajira. Serikali ndiyo iliyokaa mezani. Ingeweza kusema: kila muuguzi mnayemchukua, lipieni masomo ya wawili hapa. Deni hilo lidaiwe serikali kwa serikali, pale penye kalamu na chai. Kumgeukia muuguzi mwenyewe, aliyeondoka kwa kukosa kazi, umwambie alipe gharama ya kukosa kwake kazi, hilo mimi linanishinda kulitetea.

Kuna na hoja ya mwalimu wa Kwale. Analipwa shilingi zile zile 31,000, anakatwa PAYE, yaani ushuru wa mshahara, ushuru wa nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, bima ya afya asilimia 2.75, na jirani yake aliye Doha hakatwi kitu. Ni kweli. Ila jirani wa Doha hatumii barabara ya Kwale, hatibiwi zahanati ya Kwale, na akitaka kupiga kura kwa mbunge wa Kwale itabidi apande ndege. Katiba ya 2010 ilituahidi kwamba haki ya raia walioko nje kupiga kura itatimizwa hatua kwa hatua, na hatua zimekuwa za kobe. Mwaka 2022 vituo viliwekwa katika nchi 12, na walipiga kura ya rais peke yake. Qatar ilikuwemo, Imarati ilikuwemo. Saudia, pamoja na maelfu ya wasichana wetu walioko kule, haikuwemo. Halafu msisahau kwamba huyo wa Doha analipa. Nendeni Mtwapa, Kikambala, Utange, muone nyumba zinazopanda kwa pesa za Ghuba: kila mfuko wa saruji, kila bati, kila ndoo ya rangi ina asilimia 16 ya VAT ndani yake. Hakuna aliyemuuliza mfuko huo umenunuliwa kwa pesa ya nchi gani.

Sasa nigeukie upande ambao pengine utawaudhi baadhi yenu mliokaa mbele.

Kuna bwana fulani, naye si mtu mmoja, ni aina. Familia yake iko Nyali. Watoto wanasoma hapa, gari mbili ziko hapa, yeye ni mhandisi au rubani au mshauri wa mambo ya mafuta Dubai. Anakuja kila mwezi, wiki nzima. Analipwa kwa dola, kule hakuna ushuru wa mshahara, na huku anasema mimi niko ng'ambo. Huyo, ndugu zangu, anaishi Kenya na anafanya kazi Dubai. Taa za barabarani anazopita usiku akitoka uwanja wa ndege zinawashwa na wengine. Sheria inamwita mkazi na kwa maoni yangu imesema kweli. Alipe.

Namna ya kumtenganisha na msichana wa Riyadh ipo, na hatuhitaji kuibuni. Afrika Kusini zamani ilimsamehe kabisa mkazi wake aliyefanya kazi nje kwa zaidi ya siku 183 ndani ya miezi 12, zikiwemo siku 60 mfululizo. Tangu tarehe 1 Machi 2020 wameweka dari: randi milioni 1.25 za kwanza za mshahara wa nje hazitozwi, zinazozidi zinatozwa. Walio juu walipiga kelele sana, baadhi wakakata ukazi wao rasmi. Lakini muuza duka, mlezi wa wazee na mwalimu wa Kiingereza aliyeko Korea hawaguswi. Hata Oman, ambayo sasa imepitisha sheria ya ushuru wa mapato ya watu binafsi, ya kwanza katika Ghuba, imeanza juu: asilimia 5 kwa mapato yanayozidi rial 42,000 kwa mwaka, kuanzia 2028. Kama una shangazi Muscat anayeogopa, mwambie alale usingizi.

Ninachotaka mimi ni mabadiliko ya mistari michache kwenye sheria yetu. Aliyefanya kazi nje zaidi ya nusu ya mwaka, mshahara wake wa huko uwe nje ya ushuru hadi dari itakayotajwa kwa tarakimu, awe amekuja likizo au hakuja. Juu ya dari, alipe na apunguziwe alicholipa kule. Na iandikwe wazi kwamba huduma za ubalozi hazifungwi na cheti chochote cha ushuru. Mistari hiyo haitaipunguzia hazina hata shilingi moja inayokusanywa leo kutoka Riyadh, kwa sababu haikusanyi kitu.

Jambo la nyumba za kupangisha sijalimaliza, na wengi humu ndio wasimamizi wa nyumba hizo. Mapato yanayopatikana hapa hutozwa hapa, mwenye nyumba awe Toronto au awe Tudor. Hilo ni haki na msijaribu kulikwepa kupitia kwa mama. Ila kuna kichekesho. Mkazi anayepokea kodi ya nyumba ya kuishi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya kodi hiyo tangu Januari 2024. Asiye mkazi hukatwa asilimia 30 ya kodi nzima, bila kutoa gharama. Matokeo yake mwenye nyumba aliye Toronto anataka awe mkazi linapokuja suala la kodi ya nyumba na asiwe mkazi linapokuja suala la mshahara. Nawaelewa, lakini mwaka mmoja mtu ni mmoja. Asilimia 30 kwa raia aliyejenga vyumba sita Bamburi kwa mshahara wa usiku ni nyingi mno, na kama wabunge wanataka kuwafanyia walioko nje jambo la maana, wapunguze hiyo kabla ya kuwaza ushuru mpya.

La mwisho ni la saiba, yale maduka ya intaneti. Kila Juni mama anabeba pini ya mtoto kwenye karatasi, anampa kijana wa saiba, anamlipa, kijana anabonyeza ritani ya sufuri, fomu ya kusema hakuna mapato, bila kuuliza swali hata moja, na mama anarudi na karatasi iliyochapishwa akiwa na amani. Kwenye mfumo pini ile imeandikwa mkazi, kwa sababu ilifunguliwa siku mtoto alipotafuta kazi hapa kabla hajaondoka. Ritani ya sufuri ya mkazi ni tamko kwamba hakupata kitu popote duniani. Usipofaili kabisa, faini haipungui shilingi 2,000 kwa kila mwaka, na nimeona waliorudi wakakuta imerundikana. Kwa hivyo kabla ya tarehe 30 Juni mpigieni simu mwenye pini, mwulizeni mambo matatu: mwaka uliopita ulikuwa Kenya siku ngapi, una nyumba yako hapa au huna, na una mpangaji? Andikeni majibu, mje nayo kwa mtu anayeijua kazi hii, na kama hakuwa mkazi mwaka huo ombeni pini ibadilishwe iandikwe hivyo. Kijana wa saiba atachapisha tu kile mlichoamua.

Mwenyekiti ameshaliona shati langu. Nimemaliza, maswali yaanzie nyuma kwa akina mama.